Bamba la shaba linalomnyima Rachel usingizi

Jua la jioni linazama nyuma ya migomba ya Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Rachel Aminieli amekibandika kiganja kwenye bamba la shaba lililo ubavuni mwa jokofu la maziwa. Mwisho mmoja unaunguza. Mwisho wa pili umepoa kabisa.

"Kwenye kompyuta halifanyi hivi," anasema, kama mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa.

Rachel, mzaliwa wa Old Moshi, ameajiriwa na karakana ndogo mjini Moshi. Kazi yake ni kutengeneza modeli, yaani kukokotoa kwa kompyuta jinsi maji na joto vitakavyosafiri ndani ya bamba, kabla fundi hajakata shaba. Bamba hilo jembamba limezibwa pande zote, na ndani mna maji kidogo. Yakipata moto kutoka kwenye kipozeo cha jokofu, kifaa kinachoyanyonya maziwa joto, yanakuwa mvuke, mvuke unakimbilia mwisho wa baridi na kuacha joto huko, kisha utambi, kama ule wa koroboi, unayarudisha maji yalikotoka. Mzunguko ukikatika, kipozeo kinazidiwa na maziwa yanaharibika.

Yameshaharibika mara mbili. Kina mama wafugaji wamempa jioni hii tu. Ikishindikana, jokofu linarudi mjini.

"Naogopa," anakiri. "Mama wa watu amekata majani ya ng'ombe tangu asubuhi, halafu maziwa yake yamwagwe kwa hesabu zangu mimi?"

Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama hao, Mektrida Valerian, anafika na ndoo ya maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bado linakusumbua?"

Akiongea, anasukuma kwa mguu jiwe bapa, likae vizuri chini ya jokofu. Rachel anakodoa macho.

"Hilo jiwe la nini, mama?"

"La kuliinamisha, maji ya kuoshea yatiririke. Chombo cha maziwa hakiwekwi sawasawa, maji yakituama yananuka. Kwani kwenu Old Moshi hamjui?"

Anajua. Mama yake huinamisha vyombo hivyohivyo. Lakini modeli yake ilichukulia kwamba jokofu limekaa sawa, huku jiwe limeinua mwisho wenye moto na utambi haufui dafu kuyapandisha maji. Kuuliza si ujinga, na yeye hakuuliza.

Angeweza kuliondoa jiwe. Asubuhi lingerudi tu, na lina haki ya kurudi. Anafungua boliti, anahamishia kipozeo mwisho wa chini wa bamba, ili maji yateremke yenyewe kuufuata moto.

"Hili sijalipigia hesabu," ananong'ona. "Mama, mimina kidogo kwanza, tuone."

"Ng'ombe hajui majaribio, mwanangu. Maziwa ni haya."

Anamimina yote.

Yakiamka salama, Rachel anapanga kuitengeneza modeli upya, safari hii ikiwa imeinama kama Uru yenyewe, kisha aombe majokofu mengine ya vijiji vya juu.

Na yakiharibika?

Anakaza boliti ya mwisho. "Nitakuja kuyamwaga mwenyewe, kina mama wakiniona. Sitamtuma mtu."