Kitufe Kilichofungua Barua Yangu

Sitagusa tena kitufe cha F9 mbele ya watu!

Mjukuu wangu alinifundisha kurekodi hatua katika programu ya kusomea maandishi, ili kitufe kimoja kifungue kumbukumbu za kikao na kukuza herufi.

Jana nilirekodi. Nikasahau kusimamisha, nikaendelea na mambo yangu kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Leo, kanisani Chaka, wazee wakitazama ukutani projekta ilipoangaza kompyuta yangu, nikabonyeza.

Kumbukumbu zikafunguka. Zikafungwa. Ikafunguka barua yangu ya kumshtaki mwenyekiti kwa askofu, ambayo sijaituma. Herufi kubwa mno.

Mwenyekiti akavaa miwani.

“Katibu, shuka kidogo. Hapo kwa ukaidi sijamaliza.”

Nikateremsha ukurasa.

“Sasa weka hiyo kwa ajenda. Utaisoma wewe mwenyewe.”

Nimeiandika, ajenda ya pili.

Mnaojua, kurekodi husimamishwaje?