Kompyuta Iliyofunikwa Khanga

Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani, ikawa inaishi kwa umeme wa ukutani tu. Alasiri ile nilikuwa naiwekea mfumo mpya wa kuiendesha kwa flashi aliyonipa shemeji yangu, fundi wa kompyuta Singida mjini. Mfumo ulikaa kwenye sehemu ndogo ya diski. Kwenye ile kubwa ilikuwemo riwaya yangu nzima, na nakala nyingine sikuwa nayo.

Wingu likapanda kutoka upande wa Mgori. Nikaiacha kazi ikiendelea, nikakimbia nje kuanua alizeti kwenye turubai. Niliporudi, mama alikuwa amefanya anachofanya kila radi inapolia: amechomoa nyaya zote na kufunika kila kinachong'aa. Kioo cha kabati kilivishwa shuka, kompyuta ikavishwa khanga.

"Ilikuwa inametameta," alisema. "Inaita radi."

Mvua ilipopita niliichomeka tena, nikaiwasha. Kioo cheusi, na maandishi meupe yakisema hakuna mfumo. Nikazima, nikawasha, yakawa yale yale. Nikampigia shemeji.

"Umeua mashine, shemeji? Si nilikwambia ubaki na kalamu yako?"

"Mama ndiye aliyechomoa. Radi zilikuwa zinapiga."

"Kumbe ni mama mkwe. Basi hana kosa. Kosa ni la radi."

Nilicheka, na hofu ikalegea. Akaniambia nichomeke flashi tena, niwashe kwa kuanzia humo, nirudie kazi yote.

"Ikikuuliza pa kuweka, chagua ile sehemu ndogo. Ukiifuta kubwa usinipigie mimi, nenda kanisani."

Nilipofika hapo kidole kiligoma. Nikasoma, nikasoma tena, ndipo nikabonyeza ile ndogo. Mama alivuta kigoda akaketi kando yangu, akipukuchua alizeti, mpaka kompyuta ikawaka yenyewe. Nikafungua sehemu kubwa. Sura zote zilikuwemo.

"Hicho ndicho kilichokutoa jasho?"

"Ndicho, mama."

"Nisomee basi, nijue nilitaka kuua nini."

Nikamsomea ile sura ya mwanamke anayetoka Misigiri kwa miguu kumfuata mumewe. Alisikiliza mpaka katikati, kisha akainua mkono.

"Mbona tangu alfajiri huyu mama hajala?"

Ilikuwa kweli. Nikarudi nyuma kidogo, nikamkalisha mwanamke wangu kwa wenyeji wa njiani, nikampa ugali wa uwele na mlenda, mama akinielekeza namna ya kuukoroga.