Mshono wa Ndani wa Gauni la Mama Neema

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nimesimama safu ya mbele ya kwaya na joho jipya nililolishona mwenyewe, najiona mtumishi hasa. Hadi leo nikiikumbuka Jumapili ile nafsi inanisuta.

Nilikuwa kijana mwenye haraka zangu, miaka miwili tu tangu nitoke Njombe, nashona kwenye kibaraza cha Mzee Sanga, Kariakoo. Kanisa lilinipa kazi ya kushona majoho ya kwaya. Niliyashona kwa heshima zote: nasali kabla ya kukanyaga cherehani, kila mshono naupiga mara mbili, ndani hakuachwi uzi hata mmoja. Wiki hiyohiyo Mama Neema, mfagiaji wa soko la Mchikichini, aliniletea kitambaa cha bluu. Mwanawe wa mwisho alikuwa anabatizwa, naye alitaka gauni la kusimama nalo mbele ya kanisa. Maisha yake yote alivaa mitumba, na hilo ndilo lililokuwa gauni lake la kwanza la kupimwa mwilini. Mimi nilikuwa na kazi ya Bwana, si unajua, kwa hiyo la kwake nikalimaliza jioni moja, mshono mmoja wa kulipua, nyuzi zinaning'inia ndani. Kwa nje lilipendeza, na nani angechungulia ndani?

Basi Jumapili ile mchungaji alipomaliza kumbatiza mtoto, akamwambia mama amwinue kanisa zima limwone. Mama Neema akainua mikono, na mshono wa ubavuni ukaachia kuanzia kwapani hadi kiunoni. Nilikuwa hatua chache tu, nikaona kila kitu. Akamshusha mtoto upesi, akabana mkono ubavuni, akarudi kwenye benchi ameinamisha kichwa. Sisi tukaanza kuimba. Sauti ilinitoka, lakini sijui niliimba nini.

Kesho yake asubuhi akaja kibarazani, gauni amelikunja vizuri ndani ya mfuko.

"Samahani, fundi," akaniambia. "Nadhani nimenenepa tangu uliponipima."

Afadhali angenitukana. Hakuwa amenenepa hata kidogo, mwanangu. Alikuwa ananiomba radhi kwa uzembe wangu mwenyewe.

Mzee Sanga alisikia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na utani wake ulikuwa unauma. Akanituma nikalete joho langu, akaligeuza ndani nje, akaligeuza na gauni, akavitandaza vyote viwili juu ya meza ya kukatia.

"Hili ulimshonea nani?"

"Bwana, mzee."

"Na hili?"

Nikainama kuokota vipande vya vitambaa chini ya meza.

"Kumbe Mungu wako anakaa kwenye kabati la kwaya," akasema. "Mchikichini hafiki."

Kisha akanawa mikono, akavua kofia, akaketi na kuanza kufumua gauni uzi kwa uzi. Barabarani spika za wauza nguo zinapiga kelele, mikokoteni inapita, watu wanasukumana, na yeye midomo inamchezacheza. Nikasogea nimsikie. Alikuwa anamtaja Mama Neema kwa jina, yeye na mtoto wake, anawaombea afya, na njia salama alfajiri anapokwenda kufagia. Miaka miwili nilikaa bega kwa bega na mzee huyu nikidhani ananong'ona vipimo. Nikawaza suruali zote na sare za shule zote zilizopita mikononi mwake, na watu waliozivaa mjini humu bila kujua kwamba wameombewa. Mwili ukanisisimka. Nilitamani kuvua viatu palepale kama Musa, kwenye vumbi na vipande vya vitambaa.

Alipomaliza kufumua akainuka kwenye cherehani yake, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akanionyesha kiti.

"Kaa."

Nikalishona gauni upya, kila mshono mara mbili, namtaja Mama Neema, namtaja mtoto. Mama Neema aliporudi kulichukua, akalivaa nyuma ya pazia. Alipotoka, hakujitazama kwenye kioo. Aliinua mikono yote miwili juu, taratibu, akaiacha hukohuko. Gauni likatulia. Akacheka, nasi tukacheka naye, na Mzee Sanga akageukia ukutani kufuta macho.

Siku hizi silioni tena tundu la sindano, wajukuu ndio wanaonitungia uzi. Ninachokuachia ni hiki: usimpe Mungu Jumapili ukamnyima Jumatatu. Uwe unafagia, unapika, unabeba mizigo au unakaa ofisini, ile sehemu ambayo hakuna atakayeigeuza kuitazama ndiyo uifanye vizuri zaidi, maana Yeye anaiona. Na yule unayemfanyia kazi, mtaje kwa jina mbele za Mungu wakati mikono inaendelea. Hiyo ni ibada kamili, na mimi niliishuhudia Kariakoo, saa nne asubuhi, katikati ya kelele.

Bwana aibariki mikono yako, mwanangu. Na siku utakapoiinua mbele zake, usiwe na cha kubana ubavuni.