Kidole Kisichoondoka Kiooni

Sauti zilikuwa mbili, ya pili chini ya ya kwanza, kama kengele iliyokata tamaa. Ndivyo kompyuta ya mama ilivyotangaza kwamba kisoma alama za vidole kimekatika, ilhali kidole chake kilikuwa bado kimetulia kiooni. Nilidhani nimekiunguza kifaa.

Tulikuwa sebuleni kwake, Kasulu. Tangu apatwe na kiharusi, maneno ya siri yalimponyoka, na ndani ya kompyuta ile ndimo zilimokuwa picha za marehemu baba. Kifaa hakikuwa na kiendeshi, yaani programu ya kukipatanisha na mfumo endeshi huria niliomwekea. Nikakiandika mwenyewe, nikibahatisha amri moja baada ya nyingine. Nilipomshika mkono, alama yake ilisajiliwa vizuri. Alipojaribu peke yake, ukaja mlio ule.

“Basi nitakuwa nakufungulia mimi,” nilisema.

“Nyumba yangu mwenyewe, mwanangu, nibishe hodi kwako?” Maneno yalikuwa yakijiburuta kwenye upande mmoja wa mdomo. “Nenda na utaalamu wako Kibondo. Mimi na kidole changu tutakungoja.”

Huko Kibondo, nilikopanga chumba ili niandike tasnifu, nilimtumia ujumbe kila siku. Kupiga simu nilishindwa. Niliogopa kuyasikia tena maneno yale yakijiburuta. Asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba, nilizifungua picha ambazo kifaa kilikuwa kimezipiga kabla ya kukatika. Zote zilikuwa ukungu mtupu. Nilishuku joto, nikashuku umeme. Nikafika hata kuwaza, nikijua ni upuuzi, kwamba kiharusi kimeifuta mistari ya vidole vyake.

Nje, wanawake wawili walikutana njiani. “Mwakeye,” alisalimia mmoja, akaupokea mkono wa mwenzake na hakuuachia mpaka walipomaliza kuulizana habari za nyumbani, watoto, maharage na mvua. Niliwatazama kama mtu anayeota, nikamwona mama.

Kisoma vidole, kikiamka, hupiga kwanza picha ya kioo kitupu, ambayo baadaye huondolewa kwenye picha ya kidole ili mistari ibaki peke yake. Sisi waandishi wa programu hugusa na kuinua. Mama alitanguliza kidole kabla kifaa hakijaamka, akakiacha pale kama anavyouacha mkono wake katika mkono wa mgeni, huku akiniuliza habari za safari. Kidole kikaondolewa kwenye kidole, ukabaki ukungu. Kiendeshi changu, kwa kuchoka kusubiri, kikakikata kifaa.

Nilikifundisha kungoja: picha ya kwanza isipigwe mpaka mkono uondoke, hata ukikawia kiasi gani. Nikakituma kwenye kompyuta yake kwa njia ya mtandao. Kisha nikakaa na simu mkononi mpaka ukungu ukainuka wote.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Loo! Kumbe bado una sauti?”

“Weka kidole, mama.”

“Nimeshaweka. Umeamkaje? Unakula? Huko mvua imenyesha?”

Nilijibu yote, taratibu, nikitega sikio nisikie zile sauti mbili. Hazikuja.

“Sasa inua. Weka tena.”



“Mama?”

“Ngoja kwanza,” alisema. “Baba yako ananitazama.”