Kariakoo ya Hallonbergen

Enzi zetu, mtu akisema anakwenda Kariakoo alivaa kwanza koti la baridi. Najua, mtu aliyemaliza chuo juzi tu hana haki ya kusema "enzi zetu". Nimelifikiria neno hilo tangu asubuhi, nikalifuta, nikalirudisha. Lakini ninyi mliokua nami kwenye maghorofa ya Hallonbergen, huku kwa Waswidi, watoto wa Watanzania, Wakenya na Wakongo, mtanielewa. Enzi zinaweza kwisha mapema. Zetu zilianza kwisha mwezi uliopita, wazazi wangu walipofunga masanduku yao na kurudi kuishi Dar es Salaam, wakaniachia nyumba, maua ya dirishani na hofu moja: sasa nani atapaita mahali hapa kwa majina yake?

Maana sisi hatukukulia Hallonbergen hasa. Tulikulia katika Dar es Salaam iliyotandikwa juu ya Hallonbergen, kama kitambaa juu ya meza ya mtu mwingine. Aliyeitandika ni Baba. Alikuja huku kijana kujifunza ufundi wa magari makubwa, na kwa maelezo yake mwenyewe, majina ya Kiswidi yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Basi akatumia yale aliyokuja nayo. Jengo la maduka likawa Kariakoo. Kituo cha treni kilichochimbwa ndani ya mwamba, chenye kuta zilizochorwa michoro kama ya watoto, kikawa Posta, kwa sababu asubuhi kila mtu alielekea huko. Kituo cha afya kiliitwa Muhimbili, kama hospitali kubwa ya kwao, hata kama umekwenda kwa mafua tu. Maktaba ilikuwa Mlimani, jina la chuo kikuu cha kwao, nadhani ili mimi na mdogo wangu Elia tuizoee njia mapema. Na kiwanja mbele ya jengo letu, chenye msonobari mmoja mrefu, kiliitwa Mnazi Mmoja. Hakuna mtoto aliyeona ajabu kwamba mnazi ule ulibeba theluji.

Nakumbuka tulivyocheza kombolela pale Mnazi Mmoja wakati wa baridi. Mnakumbuka shida yake? Unajificha vizuri kabisa nyuma ya nyumba ya baiskeli, unabana pumzi, halafu nyayo zako zenyewe kwenye theluji zinakuja kukusema. Elia aligundua kutembea kinyumenyume ili nyayo zionekane zinatoka badala ya kuingia. Akashinda siku nzima, mpaka alipotembea kinyumenyume akamvaa mwanamke aliyebeba mayai. Rede tulicheza na glavu, mpira ukilowa unakuwa mzito kama jiwe, na ukikupiga shavuni hulisikii shavu hadi uingie ndani. Mama akiita kutoka dirishani tule, Elia alijibu kwa Kiswidi, kama tulivyozoea sote kujibu: "Jag orkar inte!" Yaani hajiwezi, hana nguvu ya kupanda ngazi. Mama alilichukia neno hilo kuliko matusi. "Orka, orka! Kwetu neno hilo halipo," alisema, "ndiyo maana tuliweza kufika mpaka huku."

Na alipofungua mlango, harufu ya vitumbua ilikuwa imetangulia hadi kwenye lifti. Alivipikia kwenye kile kikaango cha Waswidi chenye vishimo, ambacho wenyewe hupikia maandazi yao ya duara. Tui lilitoka kwenye kopo, mchicha ulikuwa spinachi ya kugandishwa, na ugali wa miaka ya mwanzo, Baba aliapa, ulikuwa wa unga wa uji wa watoto. Lakini iliki ilikuwa iliki. Hata Waswidi wanaitia kwenye mikate yao, na Mama alisema ndicho kitu cha kwanza kilichomfanya aamini kwamba watu hawa nao wana mama zao.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, chenye joto na harufu ya sabuni. Kule kila nyumba ilikuwa na kufuli lake dogo la kuweka kwenye ubao ili kushika zamu, na anayegusa zamu ya mwenzake amegusa moto. Baba alipaita Kisutu, kwa jina la mahakama ya kwao, kwa kuwa kesi hazikuisha. "Leo mama yenu ana kesi Kisutu," alitutangazia, akivua buti zake mlangoni, na sisi tukashuka mbio kusikiliza.

Mshitakiwa mara nyingi alikuwa Mama Furaha, jirani yetu wa ghorofa ya juu, mtu wa Bukavu, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Vitenge vyake vilipenda kubaki kwenye kabati la kukaushia hadi zamu ya watu wengine.

"Mama Neema, hii haiko kesi," alijitetea. "Iko maji tu. Maji inakauka polepole, minafanya nini?"

"Dada, zamu yako iliisha saa nzima iliyopita!"

"Saa ya nani? Ya Waswidi ao yetu?"

Baba, aliyejipa ujaji, alikohoa na kutoa hukumu ileile: kesi imeahirishwa, mahakama inahamia kwenye chai. Wote wakapanda juu, na nguo za watu zikabaki zikilia kwenye mashine. Kwenye chai hiyohiyo kulikuwa na kesi nyingine isiyopata hukumu mpaka leo. Mama Furaha alikataa kata kata kuita jengo la maduka Kariakoo. Kwake lilikuwa Kadutu, kwa jina la soko la kwao. "Kariakoo ni ya ninyi watu wa bahari," alisema. "Mimi ninaenda Kadutu, ninanunua samaki, ninarudi." Na watoto wa Kikenya wa ngazi ya pili waliliita Gikomba. Tukipatana kukutana, ilibidi kwanza kutafsiri. Duka la dawa lilelile, ngazi zilezile zinazopanda zenyewe, masoko matatu ya Afrika. Mnaona jinsi tulivyokuwa matajiri?

Utajiri huo uliniponza shuleni. Jumatatu moja mwalimu alituuliza tulifanya nini mwisho wa wiki. Nikasimama nikasema tulikwenda Kariakoo, tukanunua viatu, tukarudi nyumbani kula. Mwalimu alikuwa mtu makini, akaitafuta Kariakoo kwenye kompyuta, akaiona iko Dar es Salaam. Jioni akampigia Mama kwa sauti ya upole mno, akimweleza kwamba mtoto wake ana ndoto nzuri, ila labda ana upweke. Mama hakuelewa ndoto gani. "Mwambie mwalimu wako," aliniagiza, "Kariakoo ipo pale pale, upande wa duka la dawa."

Nilikuwa na miaka tisa tulipokwenda Dar kwa mara ya kwanza, tukafikia kwa Mama Mdogo Tabu, mdogo wake Mama. Jioni moja akasema, "Kesho twende Kariakoo." Nilifurahi sana. Nilikuwa nimeanza kuchoka na mambo mapya, na hatimaye mahali ninapopajua! Asubuhi nikaamka mapema, nikazunguka nyumba nzima nikikusanya chupa tupu za maji na soda, nikazitia kwenye mfuko mkubwa, nikasimama nao mlangoni. Ninyi mnajua kwa nini. Kariakoo yetu ina ile mashine ukutani inayomeza chupa tupu na kukutolea risiti, na risiti ile kwetu ilikuwa aiskrimu.

Mama Mdogo Tabu alitazama mfuko, akanitazama mimi. "Dada! Mtoto wa Ulaya anaokota makopo?"

Sikumwelewa. Nikaubeba mfuko wangu. Tulipofika, kulikuwa na watu wengi kuliko niliowahi kuwaona maishani, nyanya zimepangwa kama piramidi, dagaa, kelele, jua. Nikatafuta ngazi zinazopanda zenyewe. Nikatafuta duka la dawa. Nikatafuta mashine. Mwisho nikaketi juu ya mfuko wangu wa chupa nikalia, nikamwambia Mama kwa Kiswahili safi kuliko chote nilichowahi kusema: "Wametudanganya! Hii siyo Kariakoo!"

Bibi mmoja muuza maharage aligeuka. "Sasa hii ni nini, mjukuu wangu? Manzese?"

Soko lote la maharage lilicheka. Mama alicheka mpaka akashika kiuno, na nilipoona hata yeye anacheka nikalia zaidi. Kwa miaka mingi, ndugu wakipiga simu kutoka Dar, salamu yangu ilikuwa moja: "Neema, chupa hazijambo?"

Siku hizi naona watoto wanacheza pale Mnazi Mmoja, kama kusimama kila mtu na simu yake kunaitwa kucheza. Mjukuu wa Mama Furaha anaiuliza simu njia ya kwenda kwenye ziwa la bata, na ziwa linaonekana dirishani kwao. Simu inamjibu kwa jina moja tu, lile la kwenye ramani. Nilimwambia sisi tulikuwa tunabana pumzi treni ikipita Kymlinge, kituo kilichojengwa nusu kikaachwa, ambapo treni haisimami, kwa sababu Baba alituambia hushuka hapo wanaokataa kumaliza chakula. Akaniuliza, "Walikuwa wanashukaje kama haisimami?" Hana hata hofu, masikini.

Hofu yote nimebaki nayo mimi. Tangu wazazi waondoke nimefikiria jambo hili kuliko nilivyofikiria kazi ninazoomba. Je, jina ambalo mtu mmoja tu analitumia bado ni jina, au ni kelele ya kichwani? Nilimwandikia Elia, anayeishi sasa Malmö, kwamba naenda Kariakoo, akanirudishia picha ya kidole gumba. Kidole gumba si jibu. Enzi zetu mtu akisema anakwenda Kariakoo alijibiwa, "Niletee vitunguu." Jumamosi iliyopita nilirudisha chupa zangu, nikasimama mbele ya mashine na risiti mkononi, nikajiona kama mlinzi wa jumba la makumbusho lisilo na mgeni. Nikaenda nyumbani nikiwa nimeshajihukumu: majina yatakufa, na yatafia kwangu.

Mchana huo Mama akapiga simu ya video. Alikuwa barazani kwa Mama Mdogo Tabu, uso umeng'aa kwa jasho, na nyuma yake mtu alikuwa anacheka bila kupumua.

"Neema, usimwambie Elia," alisema. "Leo tulikuwa twende Kariakoo. Hii ya huku. Nimevaa, nimetoka, nimefika hadi getini. Tabu ananiuliza, dada, mkononi umebeba nini?"

Nilijua kabla hajasema, lakini nikamwacha aseme.

"Chupa, mwanangu! Mfuko mzima! Sikumbuki hata nimezikusanya lini. Mkono wenyewe umeokota."

Mama Mdogo Tabu akaingiza uso kwenye simu. "Ni ukoo! Nilidhani ni utoto, kumbe ni ukoo!"

Tulicheka hata nikashindwa kuishika simu. Mama alipopata pumzi akauliza, "Na Kariakoo, lile duka la samaki wamelifungua tena?" Nikamwambia bado, wanapaka rangi. Nilishakata simu ndipo nilipogundua kwamba hakusema Kariakoo ipi, nami sikuuliza.

Zamani watu wazima walikuwa wengi na majina yalikuwa mengi, chai haikwisha, na mtoto alikuwa na miji miwili bila kulipa nauli. Sasa jengo liko kimya, chumba cha kufulia zamu zinashikwa kwa simu, na hakuna anayekwenda Kisutu kusikiliza kesi. Nitayakosa hayo, sitadanganya. Lakini usiku ule nililala bila kufikiria chochote, jambo ambalo kwangu ni habari ya kutangazwa. Ni kwa sababu ya Baba. Mama alipokuwa anaaga, nilimsikia akipiga kelele kutoka ndani, akitafuta kofia yake.

"Anakwenda wapi jua lote hili?" niliuliza.

Mama akageuka kumtazama, kisha akanigeukia mimi, na alijibu bila hata kutabasamu, kama mtu anayetaja mahali ambapo kila mtu anapajua.

"Hallonbergen," alisema. "Kununua dagaa."