Vyumba Viwili vya Nyuma

Usiku ule nililala mapema, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya. Mama yangu alikuwa na miezi minne kaburini, nami sikuwa nimelia hata mara moja. Watu wa hapa Makete walikwisha kuacha kuniuliza hali.

Nilikuwa nimemwongezea Mama vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu ili nimtoe kijijini. Sakafu ilikuwa ya saruji tupu, kuta bado mbichi, na baridi ya kwetu ikaingia humo ikakaa. Mama akawa analala na sweta mbili na kitenge kichwani. Nilimwahidi kwamba fundi atavuta mabomba kutoka jiko la kuni, maji ya moto yazunguke ukutani mpaka ubavuni mwa kitanda chake. Nikasema tungoje mavuno. Mwezi wa saba kifua kilimbana, akafariki.

Msibani mdogo wangu Sekela alisema mbele ya watu kwamba nimemwua Mama kwa baridi, kisha akaondoka bila kuaga. Matanga yalipokwisha nikamwita fundi, akafunga mabomba. Mke wangu aliniuliza ni ya nani tena. Vyumba vilipopata joto, nikavitia kufuli.

Basi usingizini nikamwona Mama shambani akichimba viazi. Sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imetanda nyeupe juu ya matuta, naye yuko peku. Nikamfuata nimpe viatu vyangu. Nainama kuvivua, na shamba halipo. Tumo chumbani mwake. Ameketi kitandani, kiganja chake kiko juu ya bomba, na nayasikia maji yakipita ndani. Nataka kumwomba radhi lakini mdomo haufunguki. Hana huzuni, wala hatabasamu. Ananitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama nikirudi shuleni.

"Kuna joto," anasema.

Kisha anasogea, anaacha nafasi ya mtu mmoja kitandani. Napiga hatua niketi. Anatikisa kichwa.

"Si yako hiyo, mwanangu. Mwite Sekela."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Sikumwamsha mke wangu. Nilifungua kufuli, nikaketi sakafuni chumbani mwa Mama, nikampigia Sekela. Nilidhani hatapokea. Alipopokea nilimsimulia yote kama nilivyoyaona, shamba na kitanda na ile nafasi, nikamwambia Mama anamwita. Sikuongeza neno langu.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, alikuwa anasikia baridi?"

"Hapana, Sekela. Hakuwa anasikia."

Akasema anakuja na basi la kwanza. Nikaweka simu chini, nikaenda jikoni kuwasha kuni.