Tovuti Yangu ya Mapazia Ilivyoniumbua Kariakoo

Jamani, wiki hii nimeaibika hadi nikatamani ardhi ipasuke. Nauza mapazia Kariakoo, na nina tovuti. Zamani mtu akitafuta "mapazia Dar" mtandaoni, mimi ndiye niliyetokea juu kabisa. Ghafla wenye mtambo wa kutafutia wakabadilisha vigezo vyao, nikazama kurasa za mwisho huko. Nikabaki kupiga miayo dukani.

Nikasikia siku hizi wanapenda tovuti zenye maelezo marefu. Mimi na kuandika wapi na wapi! Nikaingia tovuti ya jirani yangu, muuza mapazia mwenzangu Mzee Jayesh, nikakopi yote neno kwa neno, nikabadilisha jina la duka tu. Haukupita muda nikaibuka tena juu. Ila simu hailii. Nikalaumu mtandao.

Juzi Mzee Jayesh akapita dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Biashara vipi? Mimi siku hizi napigiwa simu mpaka nachoka."

Wivu ukanipanda. Mbele yangu alikuwepo mteja, dada mmoja wa Upanga, nikapata na shahidi.

"Mzee, mtandaoni mimi ndiye wa kwanza! Dada, hebu nitafute."

Akatafuta. "Kweli, ni wewe. Ngoja nikubipu, uwe na namba yangu." Akabonyeza.

Simu yangu ikabaki kimya mezani. Ikalia ya Mzee Jayesh, mfukoni.

Akaipokea huku akinitazama usoni. "Haloo, karibu. Unataka mapazia ya duka langu, au ya huyu binti?"